Kichwa Kilichokuja Kuuma Baadaye

Nilianguka na pikipiki Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, saa kumi na moja jioni, kwenye barabara ya kutoka Kebirigo kuja Nyamira mjini. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha kama nusu saa hivi. Lori la majani chai lilikuwa limetangulia na kuacha matope kwenye kona. Nyuma nilikuwa nimembeba mama mmoja aliyekuwa ametoka kuuza ndizi. Helmeti nilikuwa nayo. Ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, upande wa kushoto, mahali ambapo ningeivaa haraka nikiona polisi.

Kuanguka kwenyewe sikumbuki. Nakumbuka kona, halafu nakumbuka watu wameniinamia wakiniuliza kwa Ekegusii mimi ni mtoto wa nani. Jina la baba yangu nililijua lakini halikutoka mdomoni. Yule mama alivunjika mfupa wa bega. Mimi nilishonwa nyuzi sita juu ya sikio la kulia, nikapewa paracetamol, nikaambiwa niende nyumbani usiku huo huo.

"Una bahati." Hilo ndilo neno nililolisikia wiki hiyo yote. Majirani walikuja na mkate na soda, wakaangalia nyuzi, wakatikisa kichwa, wakasema nina bahati. Na ni kweli, vijana wengine wa rika langu tumewazika. Baada ya siku kumi nyuzi zilitolewa. Kwa hesabu ya kila mtu, na yangu pia, ajali iliisha siku hiyo.

Haikuisha. Nataka kueleza kwa nini, na pia kueleza habari za watu wa huku kwetu Gusii waliojua kwamba kichwa kilichopigwa hakiponi siku kidonda kinapofunga. Walilijua hilo kabla pikipiki ya kwanza haijapanda milima hii.

*

Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Nduthi nilikuwa naendesha wakati wa likizo tu, ya binamu yangu, ili nipunguze deni la karo. Mei nikarudi masomoni. Wiki ya kwanza niliona ajabu: nasoma ukurasa mmoja mara nne na sibaki na kitu. Taa za ukumbi wa mihadhara zilikuwa zinanichoma macho. Kichwa kiliniuma kila siku kuanzia saa nne asubuhi, upande wa kulia, kama mtu anabonyeza kwa kidole gumba. Usingizi ulikuwa unakuja mchana na kuniacha usiku.

Kibaya zaidi kilikuwa hasira. Mimi si mtu wa ugomvi, lakini niligombana na mwenzangu wa chumba kwa sababu ya sufuria, tukakaribia kushikana mashati. Nilisahau tarehe ya mtihani mmoja kabisa, si kwamba nilichelewa, nilisahau kwamba upo. Marafiki walianza kusema nimeingia kwenye pombe. Wengine walisema uvivu. Mimi mwenyewe nilianza kuamini kwamba labda sikuwa na akili niliyodhani ninayo, kwamba ilikuwa inangoja tu kisingizio iondoke.

Kufikia Novemba nilikuwa nimeacha. Nyumbani nilisema ni karo. Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo watu huuliza maswali machache zaidi.

Aliyeuliza swali la pili alikuwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita magokoro. Alinikuta nimekaa nyuma ya jikoni kwenye kivuli, mchana, nimefumba macho. Akaniuliza kichwa kinauma upande gani. Nikamwonyesha. Akasema, "Huo ni upande ulioangukia." Halafu akaongeza, kama mtu anayesema habari ya kawaida tu, kwamba ndugu ya babu alikuwa hivyo hivyo baada ya kupigwa rungu kwenye ugomvi wa ng'ombe upande wa Chepilat. Kidonda kilipona, kichwa kikaendelea kuuma miezi, akawa mkali kwa watoto, akawa anasahau njia. Wakampeleka kwa omobari.

"Omobari gani?" nikauliza.

"Omobari o omotwe," akasema. Mpasuaji wa kichwa.

Chuoni nilikuwa nasoma historia. Nilikaa darasani miaka miwili na nusu, nikafundishwa mkutano wa Berlin, nikafundishwa vita vya Maji Maji, na sikuwahi kulisikia neno hilo.

*

Ukitaja kichwa na historia huku Gusii, watu hukumbuka Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote mwaka 1908, akichochewa na nabii Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Hicho ni kichwa cha shujaa, na kinastahili makala yake. Mimi nilianza kutafuta habari za vichwa vya watu wa kawaida, waliopigwa na wakaendelea kuishi.

Habari zipo, tena nyingi kuliko nilivyotarajia. Miaka ya 1950 Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, alikuwa akifanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi. Aliwafuatilia wapasuaji wa vichwa wa Kisii na wagonjwa wao, na baadaye akaandika aliyoyaona. Mwaka 1985 madaktari wakiongozwa na David Furnas walichapisha makala nyingine kuhusu wapasuaji hao hao katika jarida la upasuaji. Kwa hiyo hii si hadithi ya kale ya kusadikika. Wengi wa wazazi wetu walikuwa wameshazaliwa wakati kazi hii bado inafanyika.

Kazi ilifanyika hivi. Mgonjwa alilazwa nje, kwenye mwanga, juu ya majani ya migomba. Watu walimshika. Omobari alipasua ngozi ya kichwa, akaifungua, akaliangalia fuvu. Kama kulikuwa na ufa au vipande vilivyobonyea, aliviondoa. Kama hakukuwa na kitu cha kuonekana, alianza kukwangua mfupa polepole kwa kisu kilichopinda ncha, huku damu ikizuiliwa kwa kukandamiza na kwa dawa za mitishamba. Alikwangua mpaka akafikia ile ngozi nyembamba inayoufunika ubongo. Hapo ndipo aliposimama. Ngozi ile haikupasuliwa. Omobari aliyejua kazi yake alijulikana kwa kujua mahali pa kuacha.

Madaktari waliokuja kuangalia walishangazwa na jambo moja: wagonjwa wengi waliishi. Wapo waliofunguliwa kichwa zaidi ya mara moja. Ukumbuke kwamba Ulaya wasomi walikuwa wamewahi kubishana kama jambo hilo linawezekana hata kidogo. Mwaka 1867 daktari Paul Broca aliwaonyesha wenzake wa Paris fuvu la kale kutoka Peru lililokatwa tundu la pembe nne, akawaambia mwenye fuvu hilo alikatwa akiwa hai. Ilikuwa habari kubwa. Huku kwetu mtu angeweza kukutana sokoni na mwenye alama hiyo kichwani, akanunua mtama, akaenda zake.

Lakini kilichonigusa mimi si ujasiri wa kisu. Ni sababu ya kwenda kwa omobari. Wengi hawakupelekwa siku ya kupigwa. Walipelekwa baada ya wiki, miezi, wakati mwingine miaka, kwa sababu kichwa kilikuwa kimekataa kuacha kuuma tangu siku ile ya pigo. Yaani jamii nzima ilikubali jambo ambalo hakuna aliyelikubali kwangu chuoni: kwamba mtu anaweza kupona kwa nje na bado akawa mgonjwa wa ajali ile ile.

Nilimuuliza magokoro nini kilifanyika baadaye, kisu kilipomaliza. Alinieleza kwa muda mrefu kuliko alivyoeleza upasuaji. Ndugu ya babu alikaa msimu mzima bila kushika jembe. Hakubebeshwa mzigo. Pombe alikatazwa. Watu waliambiwa wasibishane naye, na watoto wakaambiwa wasipige kelele karibu na nyumba yake. Akiwa mkali, hakuna aliyesema ana tabia mbaya. Walisema bado anapona.

Mimi nilirudi darasani siku ya 30 baada ya ajali.

*

Sitaki mtu asome hapa aende kutafuta kisu. Kukwangua fuvu la mtu ambaye hana ufa wala damu iliyovuja ndani ni hatari, na hakuna uthibitisho wa kitabibu kwamba kunatibu maumivu hayo. Kidonda kinaweza kuoza, ubongo ukapata maambukizi. Sheria haikuiruhusu kazi hiyo, na wapasuaji waliendelea nayo kwa siri. Wakati huo huo hospitali ya Kisii, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilizidi kukua. Watu walikuwa na njia nyingine.

Hata hivyo, kuna hali moja ambapo omobari na daktari wa leo wangeelewana. Mtu akigonga kichwa, mshipa mdogo unaweza kuvujisha damu pole pole chini ya fuvu. Siku ya kwanza anatembea na kucheka. Wiki ya tatu anaanza kuchanganyikiwa, kutapika, kusinzia, au mkono mmoja unapoteza nguvu. Daktari wa leo hupiga picha ya CT, na akiiona ile damu, hutoboa tundu kwenye fuvu ili itoke. Tundu. Tofauti ni kwamba yeye ameona ndani kabla ya kutoboa, ana dawa ya usingizi na ana chumba safi.

Mimi nilipigwa picha hiyo mwaka uliofuata, baada ya shangazi yangu kuitisha mchango kwenye kundi la familia la WhatsApp. Damu haikuwepo. Daktari kijana, labda ananizidi miaka mitano tu, alinieleza kwamba nilipata mtikisiko wa ubongo. Ubongo, alisema, umekaa ndani ya fuvu kama kitu laini ndani ya kopo. Kopo likisimama ghafla, kilichomo kinagonga ukuta. Picha inaweza isionyeshe kitu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kusahau, kuchukia mwanga, usingizi kuvurugika na hasira. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wachache huchukua miezi mingi. Siku za mwanzo ni za kupumzika, halafu mtu anarudi kwenye kazi za akili kidogo kidogo, na akizidiwa anapunguza.

Alizitaja dalili zangu moja moja kabla sijamwambia. Nilikaa kwenye kile kiti na nikalia. Yeye akafikiri naumwa.

*

Sasa nije kwenye helmeti, kwa sababu hiyo nayo ina historia yake, na inaanza na ajali inayofanana na yangu.

Mei 1935, Mwingereza aliyejulikana dunia nzima, T. E. Lawrence, yule wa Arabuni, alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumbani kwake Dorset. Alikwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka. Hakuvaa kitu kichwani. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumhudumia alikuwa mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Cairns hakuliacha jambo hilo. Alianza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha makala kuonyesha kwamba kofia ngumu inaokoa vichwa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru wapeleka ujumbe wake wa pikipiki kuivaa. Raia wa kawaida wa Uingereza walisubiri hadi 1973 ndipo sheria ikawalazimisha.

Miaka 38 ilipita kati ya kifo kimoja na sheria hiyo. Nikisoma hivyo, huwa siwacheki sana watu wa stegi yetu.

Sisi bodaboda ilitufikia kwa njia nyingine. Ilianza kwa baiskeli, mpakani mwa Kenya na Uganda upande wa Busia, miaka ya 1960, watu wakibebwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine; jina lenyewe ni Kiingereza cha mpaka kilichoharibika vizuri. Lakini baiskeli haikufaa sana milima ya Gusii. Jaribu kumbeba mtu mzima kwa baiskeli kutoka mtoni hadi kilimani hapa Nyamira, utaelewa. Pikipiki ndiyo iliyoweza. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zilizo chini ya cc 250, na pikipiki kutoka India na China zikamiminika.

Huku kwetu zilikuta kila kitu kikizingoja. Mashamba yamegawanywa mpaka kijana anarithi sehemu ya kujenga nyumba na kupanda migomba michache. Barabara za ndani hazikuwa na matatu. Mama mwenye mzigo wa kupeleka Daraja Mbili, mgonjwa wa usiku, mwanafunzi aliyechelewa, majani chai ya kufikishwa kituoni kabla hayajanyauka, wote walihitaji mtu wa kuwabeba. Kijana asiye na shamba akapata kazi, na mimi sitaisema vibaya kazi hiyo. Ilinilipia karo ya mihula miwili.

Sheria nayo ilikuja: helmeti na jaketi linalong'aa kwa dereva na kwa abiria, na abiria mmoja tu kwa safari. Unajua jinsi tunavyoishi nayo. Helmeti ya abiria haipo, na ikiwepo, abiria anasema inanuka, au itamharibia nywele. Helmeti ya dereva ipo kwenye usukani. Mwaka 2021 watu 4,579 walikufa barabarani Kenya, na waliokuwa kwenye pikipiki walikuwa kundi la pili baada ya wanaotembea kwa miguu. Hospitali nyingi zikaanza kuiita wodi ya waliovunjika "wodi ya bodaboda".

Waliokufa wanahesabiwa. Waliovunjika mguu wanaonekana, kwa sababu wana magongo. Mimi ningekuwa kwenye hesabu gani? Nilirudi nyumbani usiku ule ule, nikitembea kwa miguu yangu. Nikitazama huku na huku naanza kuwaona wenzangu. Kuna yule wa stegi ya jirani "aliyebadilika" tangu aanguke, mke wake akarudi kwao. Kuna mwingine ambaye hesabu ya chenji inamshinda siku hizi, na watu wanamcheka kuwa ni bangi. Labda ni bangi. Lakini hakuna aliyemuuliza kichwa kinauma upande gani.

*

Kupona kwangu hakukuwa na siku moja ninayoweza kuitaja. Nilianza kusoma dakika kumi, kwa saa ya simu, halafu naweka kitabu chini. Baada ya mwezi, dakika ishirini. Nililala saa ile ile kila usiku. Niliacha kunywa, hata ile moja ya Jumamosi. Kuandika kulianza hivyo: kwa kuwa nilikuwa nasahau, niliandika kila kitu kwenye daftari, na siku moja nikaona nilichoandika kinasomeka. Kichwa bado huuma, zaidi mvua inapokaribia, lakini si kila siku.

Chuoni sijarudi. Labda nitarudi, labda sitarudi. Kilichobadilika ni kwamba sijidanganyi tena kuwa nilifukuzwa na uvivu wangu.

Jambo gumu zaidi halikuwa la kichwa. Ilikuwa ni kwenda kwa yule mama. Nilichelewa, na sababu ya kuchelewa ilikuwa aibu. Nilienda na baba mdogo, kwa sababu kwetu jambo kama hilo haliendewi peke yako, na tukabeba kuku na unga na sukari. Baba mdogo ndiye aliyeongea kwanza. Mama alisikiliza, akainua mkono wake mpaka ulipofika, chini kidogo ya sikio, akatuonyesha kwamba hauendi zaidi ya hapo. Ndizi sasa hupelekwa sokoni na binti yake. Nilisema, "Mama, nisamehe. Helmeti ilikuwa kwenye usukani na mwendo ulikuwa mkubwa." Sikutaja matope ya lori. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe kichwa kilipona?"

Alikuwa mtu wa pili kuniuliza hivyo, baada ya magokoro.

Pikipiki siendeshi tena, lakini hubebwa, kama watu wote huku. Nina helmeti yangu, nimeinunua, ninatembea nayo hadi Kisii mjini ndani ya mfuko wa sisali. Vijana wa stegi waliniita rubani kwa miezi mitatu hivi, halafu wakachoka. Wiki iliyopita mmoja wao alianguka karibu na Konate, akanyanyuka, akajipangusa, akacheka, akasema yuko sawa. Nilichukua namba yake. Nilimpigia siku ya tatu, nikampigia siku ya kumi, na nitampigia tena mwezi ukiisha.